Mke Mwenza wa Mpira

Pale chuoni kwetu wapo wanafunzi walioanguka mitihani mpaka wakazoea, lakini hakuna hata mmoja aliyeanguka kumshinda shemeji yangu. Aliangukia kantini. Aliangukia kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara. Aliangukia mlangoni kwa mkuu wa chuo wageni wakiwa ndani, na siku moja aliangukia maktabani kwangu, kati ya kabati la sheria na kabati la falsafa, wakati nimeinua kikombe cha chai kukipeleka mdomoni. Chai yote iliishia kifuani pangu. Nilipopiga kelele, alifungua jicho moja akaninong'oneza kutoka chini, "Shemeji, acha kelele. Mimi nimekufa. Fanya kazi."

Huyo ndiye mume wa dada yangu, nami nawaambia mapema msije mkasema sikuwaonya.

Kazi aliyoajiriwa ni udereva wa gari la wagonjwa la chuo. Ujanani alikuwa golikipa, na mpaka leo naamini ule ugolikipa ndio uliomharibu, maana mtu akishafundishwa kuanguka bila kuumia, anaona ni dhambi kusimama siku nzima. Ana kitambi cha wastani, masharubu anayoyachana kila asubuhi, na miwani yenye fremu ya dhahabu ya uongo ambayo anaipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Kabla ya kuanguka popote huivua miwani ile, huikunja, huitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Halafu ndipo anakufa. Dada alikuwa akisema mumewe ndiye maiti pekee duniani anayejali vyombo vyake.

Si kwamba alikuwa mwendawazimu. Ugonjwa wake ulianza siku mhadhiri mmoja wa historia, mtu mpole asiye na makuu, alipoanguka kwenye korido baada ya kipindi. Moyo ulisimama. Watu wakajaa, kila mtu na elimu yake. Mmoja alikimbilia maji, mwingine akamlegeza tai, mwingine akampigia simu mke wa marehemu mtarajiwa badala ya kuita gari la wagonjwa, na waliobaki wakampepea kwa madaftari. Walimpepea kwa bidii na kwa zamu. Shemeji alipofika na gari lake, hapakuwa na la kufanya tena.

Jioni ile hakula. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia dada, "Mke wangu, chuo kizima, maprofesa wote wale, wanajua kupepea tu. Kwani mtu ni mkaa?"

Hakutulia tena. Aliwasumbua wakubwa, akawafuata mpaka kwenye maegesho ya magari, mpaka chuo kikampeleka mafunzo na kikanunua vifaa. Viliwekwa visanduku vyeupe ukutani, na ndani yake ile mashine inayoongea, ambayo ukiibandika kifuani inausikiliza moyo, na ikiukuta umevurugika inaupiga mshtuko ukumbuke kazi yake. Na kikanunuliwa kitu kingine, ambacho ndicho kilicholeta maneno katika familia yetu. Ulikuwa mdoli wa mazoezi.

Mdoli mwenyewe ni wa mpira, kichwa na kiwiliwili basi, hana mikono wala miguu. Kifuani ana springi inayolia tak ukibonyeza sawasawa. Mdomo wake uko wazi saa zote kama mtu anayesikiliza umbea. Siku ya kwanza shemeji alikwenda naye nyumbani ajizoeze kumpulizia pumzi. Dada yangu ni fundi majoho, ndiye anayeshona na kurekebisha majoho yote ya mahafali pale chuoni, na siku hiyo alirudi amechoka. Alifungua mlango wa sebule akamkuta mumewe amepiga magoti, amemshika kichwa mwanamke wa mpira, mdomo kwa mdomo.

"Endelea tu, bwana," dada alisema, akaweka mkoba wake juu ya meza. "Ukimaliza unitambulishe kwa mke mwenzangu."

Jina likaganda. Likatoka nyumbani likafika chuoni kabla ya shemeji mwenyewe, na wiki haikuisha kila mtu alikuwa akimwita mdoli yule Mke Mwenza, tangu wafagizi hadi maprofesa. Dada hakumpenda hata kidogo. Lakini alimshonea gauni kutokana na mabaki ya majoho, jeusi lenye ukosi mwekundu, akasema hataki watu waseme mume wake ameshindwa kuvisha wake zake.

Akaanza kutufundisha, akianguka popote bila taarifa ili atupime, na mambo ya moyo yalieleweka upesi. Ya vidonge yalileta ubishi. Siku hizo wanafunzi walikuwa wamegundua vile vidonge vikali vya maumivu, vinavyotolewa hospitali baada ya upasuaji, wakawa wanapeana chini kwa chini, na vingine ni vya kughushi, hakuna ajuaye vina nini ndani. Ukizidisha, vinakulaza, na pumzi zinapungua taratibu mpaka zinakwisha. Dawa ya kuwahi ni kichupa kidogo cha kupuliza puani. Shemeji alizunguka akigawa vichupa hivyo, akafika kwa matroni wa bweni la wavulana, mama mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko askari jela.

"Sikitaki," matroni alisema. "Bweni langu halina wavuta wala wameza. Nikiweka hicho kidude si nimewakaribisha?"

"Matroni, ile ndoo ya mchanga pale mlangoni ni ya nini?"

"Ya kuzimia moto."

"Kwa hiyo umeukaribisha moto?"

Matroni alikipokea kwa kununa, akakitupia kwenye droo ya sindano na nyuzi. Muhula haukuisha. Asubuhi moja kijana alikutwa bafuni anakoroma mkoromo wa ajabu, wa mbali, midomo imegeuka rangi ya wino na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini. Wenzake walisema amelewa, aachwe alale. Matroni aliwasukuma pembeni, akaagiza gari la wagonjwa liitwe, akampulizia kijana ile dawa puani, kisha akampa pumzi zake mwenyewe kinywani mpaka kifua kikaanza kupanda peke yake. Dawa ile ikishaingia huufukuza ulevi wote mara moja, kwa hiyo yule kijana alizinduka akiwa na hasira, akamtukana matroni matusi ya nguoni.

"Tukana, mwanangu, tukana," matroni alimwambia, machozi yanamtoka. "Anayetukana anapumua."

Toka siku hiyo kichupa kilihamia kiunoni, pamoja na funguo.

Kwa hiyo tulimheshimu shemeji, msidhani hatukumheshimu. Ila heshima ni kitu kimoja, na kumwona mtu mzima amelala chini ukaacha kumfanyia utundu ni kitu kingine. Hatua ya kwanza ya somo lake ilikuwa hii: mtikise bega aliyeanguka, mwite kwa sauti, mtazame kama anapumua. Wanafunzi waliigeuza hatua hiyo kuwa sherehe. Walimtekenya nyayo. Walimvuta masharubu. Kulikuwa na binti mmoja wa sheria aliyeitwa Kengele kwa sababu ya sauti yake, huyo alimwinamia sikioni akapaza, "Mwalimu, mkeo huyo anakuja!" Maiti ikakaa kitako na kutengeneza kola.

Shemeji alichoka, akatoa amri. "Kuanzia leo mimi msiniguse! Nikianguka, mimi ni alama tu ya mahali. Mleteni Mke Mwenza, mlazeni pembeni yangu, mtikiseni yeye, mwiteni yeye, kazi yote mfanyie kwake." Na ofisi, kwa upande wake, ikamtaka avae kizibao cha njano kila siku ya zoezi ili wageni wasipatwe na mshtuko.

Dada alizipata habari akiwa karakanani kwake, pini zimejaa mdomoni, nami nimekaa kwenye robota la vitambaa nangojea tukale. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni anajisifu. Dada alizitema pini mkononi.

"Mume wangu, na siku ukianguka kweli?"

"Watajua."

"Watajuaje, na umewakataza kukugusa?"

"Watu niliowafundisha mimi mwenyewe? Watajua, bwana!"

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha."

Shemeji alicheka, akampigia saluti, akaenda zake. Dada alibaki ameshika pini zake. "Mdogo wangu," aliniambia, "huyu mwanamume atakufa huku watu wanampigia makofi." Nilimwambia aache uchuro, tukaenda kula.

Ilikuwa wiki ya mahafali. Majoho yalining'inia kila mahali pale karakanani, na barazani palikuwa na watu wanajipima, wanajigeuzageuza mbele ya kioo kama maharusi. Karakana inatazamana na uwanja mdogo wa saruji ulio mbele ya ukumbi mkuu, na hapo ndipo zoezi la siku hiyo lilipangwa. Lilikuwa zoezi la vidonge. Shemeji alivaa kizibao chake tangu asubuhi. Wakati wa chai alimlalamikia dada kwamba kiungulia kinamsumbua na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Dada akamwambia apite zahanati kwanza. Akajibu atapita akitoka zoezini. Mganga hajigangi, na dereva wa wagonjwa hapakiwi.

Nilikuwa mlangoni pa karakana nilipomwona anakatiza uwanja, filimbi shingoni. Alisimama katikati ghafla kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kisha akaenda chini.

Watu wakapiga makofi. "Leo ameanguka vizuri!" mmoja alisema. Na kwa kweli kilichofuata kilipendeza kutazama. Mmoja alitoa simu akawapigia walinzi wa getini. Mwingine alikimbilia kisanduku cha ukutani, akarudi na mashine. Wawili walimleta Mke Mwenza na gauni lake la ukosi mwekundu, wakamlaza pembeni ya shemeji, bega kwa bega. Matroni alifika anatingisha funguo, akamtikisa mdoli, akamwita "Binti! Binti! Unanisikia?", akamtazama mboni zake za kuchorwa, akampulizia dawa puani. Kengele akapiga magoti, akanyoosha mikono, akaanza kubonyeza na kuhesabu kwa ile sauti yake, na springi ikawa inamwitikia tak, tak, tak. Hakuna aliyekosea hata kidogo.

Na mwenye somo amelala palepale ubavuni, hajaguswa na mtu, kama alivyoamuru.

Dada alikuja kusimama nyuma yangu na joho la mtu mkononi. "Aibu gani hii mbele ya wageni," alisema.  Kisha nilimwona ananyoosha shingo.

"Miwani," alisema.

"Miwani gani?"

"Hajavua miwani."

Nilitazama. Kitu cha dhahabu kilikuwa kimepinda chini ya shavu lake, na kioo kimoja kilikuwa juu ya saruji, vipande vipande.

Dada yangu ni mtu mzito, magoti yanamsumbua, hutembea kama anayepima sakafu. Siku ile aliruka. Alipita katikati ya watu na tepu ya kupimia shingoni, akamkamata Kengele kwa ukosi, akamng'oa juu ya mdoli.

"Mwacheni mke mwenzangu!" alipiga ukelele. "Mshikeni mume wangu!"

Jamani, watu wakacheka. Kengele mwenyewe alicheka, alidhani mama ameingia kwenye mchezo. Ni matroni aliyeinama. Aliweka sikio lake karibu na pua ya shemeji, na mkono kifuani, na funguo zake zikanyamaza.

"Hapumui," alisema. "Jamani, huyu hapumui."

Nitasema jambo moja kwa kiapo: hakuna aliyepepea. Kengele alisogeza magoti yake kidogo tu, kutoka kifua cha mpira hadi kifua cha mtu, akaendelea. Hesabu yake ilianza kutetemeka lakini haikukatika. Dada alichomoa mkasi wake mkubwa wa kazi mfukoni mwa aproni, akapasua kizibao cha njano na shati ndani yake, kutoka pindo hadi shingo kwa mkato mmoja, kama anavyokata kitambaa. Pedi zikabandikwa. Ile mashine, kwa sauti yake ya upole isiyojua haraka za watu, ikatuambia tusimguse mgonjwa. "Rudi nyuma! Rudi!" matroni alifoka, akiwachapa watu kwa funguo. Dada alikuwa ameshika mkono wa mumewe, hataki kuuachia, na mimi ndiye niliyemvuta. Shemeji alirushwa na mshtuko mara moja. Kisha kubonyeza kukaendelea.

Kengele alipochoka, zamu iliniangukia mimi. Mimi, ambaye kila zoezi nilijificha nyuma ya makabati ya vitabu. Niliweka viganja vyangu kwenye kifua cha mtu ambaye miaka yote nimemtania, na baada ya kubonyeza kidogo kitu kikavunjika chini ya mikono yangu, nikasikia kabisa mlio wake. Niliogopa, nikataka kuacha.

"Bonyeza!" dada alisema. "Mbavu zitaungwa. Bonyeza!"

Nilibonyeza huku nalia. Sikumbuki nilihesabu nini. Nakumbuka kwamba wakati fulani mkono wake ulinyanyuka, ukashika wangu, ukajaribu kuusukuma, na mimi nikaendelea kubonyeza mpaka matroni aliponikumbatia kwa nyuma kunizuia.

Tatizo likabaki moja. Gari la wagonjwa lilikuwa palepale kivulini, tanki limejaa, na dereva wake ndiye mgonjwa. Ufunguo ulitolewa mfukoni mwake, akapewa dereva wa trekta la kukatia nyasi, ambaye alitukimbiza hospitali huku kila kona anaomba msamaha.

Siku shemeji alipopata nguvu ya kusema, la kwanza aliuliza ni nani aliyekata shati lake. La pili aliuliza zoezi limekwendaje. Wodi ilikuwa na joto, feni imekufa, na dada alikuwa amekaa kitandani kwake na kile kipande cha kadibodi kinachotiwa ndani ya kofia za mahafali, anampepea.

"Mke wangu," shemeji alisema kwa taabu, mbavu zinamuuma, "mimi si mkaa."

"Nyamaza. Ulipokuwa umekufa hakuna aliyekupepea. Sasa umefufuka, nakupepea nitakavyo."

Kisha akaiweka ile kadibodi usoni pake mwenyewe akalia, kilio kikubwa, wodi nzima ikageuka. "Nilikuona umelala pembeni yake," alisema. "Nikajua umeniacha."  Shemeji alinyoosha mkono akamshika goti, akauacha uko pale mpaka wakati wa wageni ulipokwisha.

Alipotoka, daktari alimpiga marufuku kuanguka. Naye akafuta amri yake mbele ya chuo kizima. Akasema kuanzia sasa, uwe umeona kizibao, uwe umesikia filimbi, uwe una hakika asilimia zote kwamba ni mchezo, unamgusa mtu kwanza, mdoli baadaye. Na anayetaka kutekenya atekenye, ilimradi ahakikishe pumzi. Alirudi nyumbani kupumzika, akawa anazunguka sebuleni kama kuku aliyefungwa, na sisi maktabani tukaanza kunywa chai kwa amani.

Amani haikudumu. Asubuhi moja nilikuwa napanga vitabu vilivyorudishwa, nikasikia kishindo kati ya kabati la sheria na kabati la falsafa. Nilikwenda nikinung'unika. Nilipokunja kona nikamkuta dada yangu amelala chali sakafuni, aproni yake ya kazi imempanda mpaka tumboni, na mkono mmoja umekunjika chini yake.

 Nilitafuta miwani yake ya kushonea. Haikuwa usoni. Haikuwa sakafuni. Niliiona juu ya rafu iliyo karibu, imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya kitabu kinene cha sheria za ardhi.

Nilijua. Nilijua kabisa, na hata hivyo nilipiga magoti nikamtikisa bega kwa nguvu. "Dada! Dada, unanisikia?" Hakufungua macho. Niliweka sikio langu karibu na pua yake nikasubiri, na pumzi yake ikanigusa shavu, ya moto, yenye harufu ya chai ya tangawizi.

"Sema kwa sauti kama napumua au sipumui," alininong'oneza bila kutikisa midomo. "Shemeji yako yuko dirishani anatoa maksi."

Niliinua kichwa. Alikuwepo nyuma ya kioo, na miwani mpya, kampakata Mke Mwenza kifuani, masharubu yamechanwa.

"Anapumua," nilisema kwa sauti. Nikabaki nimemshika bega, na aliposema inatosha, sikumwachia.